Sauti Niliyoisafisha

Mama yake alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, mwaka 2019. Nilipoona jina lake kwenye kioo niliiacha simu iite mpaka ikakatika. Nikakaa kitandani nikijilaumu, kisha nikampigia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimekuamsha?”

“Hapana mama, niko macho. Habari za Tanga?”

Tukazunguka kwanza: mvua, bei ya mchele, mdogo wake marehemu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Kisha akasema, “Nasikia unazo sauti za mwenzio. Zile za kuimba. Nilikuwa naomba nizisikie.”

Nikamwambia ninazo, na kwamba nitazileta mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Sikumwambia kuwa mwenzangu, wiki chache kabla hajafariki, alinitaka nizifute zote.

*

Tulikutana chuo kikuu, chumba kimoja katika bweni la Mabibo, Dar es Salaam. Mimi nilikuja na kompyuta mpakato ya mtumba. Yeye alikuja na gitaa lililobakiwa na nyuzi tano. Usiku mmoja wa mwaka 2014 umeme ulikatika, joto likatutoa chumbani, tukakaa kwenye ngazi. Akanipa upande mmoja wa hedifoni.

“Msikilize huyu,” akasema. “Halafu uniambie anatoka wapi.”

Nilisikia gitaa moja la umeme na kijana anaimba qawwali kwa Kiurdu. Nikasema Pakistani. Alicheka mpaka mtu wa ghorofa ya juu akatupigia kelele tunyamaze. Mwimbaji alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa California, jina lake Jeff Buckley, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Nusrat Fateh Ali Khan. Rafiki yangu alimjua Nusrat tangu utotoni. Jirani na kwao, Ngamiani, palikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, na mzee yule alikuwa akipiga kanda za Nusrat tangu anapofungua duka mpaka adhana ya adhuhuri. Alipokuwa kidato cha sita, rafiki yangu alimtafuta Nusrat mtandaoni, na katika majibu akamkuta huyu kijana wa gitaa. Alidhani kuna mtu kakosea kupanga.

Rekodi ile ilifanyika mwaka 1993 katika mkahawa mdogo wa New York ulioitwa Sin-é, barabara ya St. Mark’s Place. Buckley alikuwa na miaka 26 na alipiga pale peke yake, bila bendi. Novemba mwaka huohuo kampuni ya Columbia ilitoa nyimbo nne tu za mkahawani pale, mbili zake na mbili za watu wengine. Mwaka 2003, yeye akiwa amekwisha kufa, Live at Sin-é ilitolewa tena, safari hii santuri mbili nzima. Humo hawakuweka nyimbo peke yake. Waliacha na maneno aliyokuwa akisema kati ya wimbo na wimbo: utani, porojo, sifa alizommwagia Nusrat. Maneno hayo wakayapa namba na majina yake kwenye orodha, kama nyimbo.

Mimi nilikuwa naziruka porojo hizo. Zikianza tu, nabonyeza niende kwenye wimbo unaofuata. Yeye alikuwa akiushika mkono wangu. “Mwache jamaa aongee,” alikuwa akisema.

*

Baada ya Sin-é akanipeleka kwenye Grace, na huko ndiko tulikoishi mwaka mzima.

Grace ilitoka tarehe 23 Agosti 1994. Ndiyo albamu pekee ya studio ambayo Buckley aliikamilisha na kuitoa akiwa hai. Ina nyimbo kumi. Saba zina mkono wake katika utunzi, na tatu ni za wengine: “Lilac Wine”, “Corpus Christi Carol” iliyotiwa muziki na Mwingereza Benjamin Britten, na “Hallelujah” ya Leonard Cohen. Waliirekodi katika studio za Bearsville, Woodstock, jimbo la New York, chini ya Andy Wallace, yule aliyechanganya sauti za Nevermind ya Nirvana. Kwa hiyo ilikuwa mikononi mwa fundi hasa. Hata hivyo, Marekani haikuipokea kwa kishindo. Katika uhai wa Buckley haikupanda zaidi ya nafasi ya 149 kwenye chati ya Billboard. “Hallelujah” yake ilikuja kushika nafasi ya pili Uingereza mwezi Desemba 2008, miaka kumi na moja baada ya kifo chake, na nafasi ya kwanza ilikuwa ya Alexandra Burke, aliyeuimba wimbo huohuo.

Rafiki yangu aliisikiliza albamu ile kama mwanafunzi wa useremala anayegeuza kiti cha mwalimu wake chini juu, atazame viungo. Alinionyesha jinsi sauti inavyoanza chini kabisa, karibu na kunong’ona, halafu ikapanda bila wewe kujua imepandia wapi. Alinionyesha pia jambo moja ambalo sikulitia maanani wakati ule. “Hallelujah” inapoanza, kabla ya gitaa, unamsikia Buckley akishusha pumzi. Pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo. Wangeweza kuikata. Hawakuikata.

Basi naye akaanza kurekodi, na fundi mitambo nikawa mimi. Tulitundika blanketi mlangoni, tukazima feni, tukaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, halafu tukahamishia rekodi kwenye kompyuta yangu. Kwa miaka mitatu tulipata rekodi kumi na nne. Aliimba kwa Kiswahili, juu ya vitu alivyovijua: kivuko cha Kigamboni saa za jioni, baba yake aliyeondoka asirudi, lile duka la vitambaa baada ya mzee kufa na mlango kufungwa kwa kufuli. Kila tulipomaliza alitikisa kichwa. “Bado,” alisema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake.

*

Tuligombana mara moja tu kuhusu muziki, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya Sketches for My Sweetheart the Drunk.

Baada ya Grace, Buckley alitaka albamu ya pili. Alirekodi na Tom Verlaine, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Television, lakini kilichotoka hakikumridhisha. Mwanzoni mwa 1997 alikuwa Memphis, jimbo la Tennessee, amepanga nyumba ndogo, anatunga na kujirekodi peke yake kwa mashine ya kanda ya njia nne. Aliwaita wenzake wa bendi waje waanze upya. Walipanda ndege kwenda kwake tarehe 29 Mei 1997. Jioni hiyohiyo Buckley aliingia kuogelea kwenye mkono wa mto Mississippi uitwao Wolf River Harbor, na nguo zake na buti zake mwilini, akiimba wimbo wa Led Zeppelin. Meli ndogo ya kuvuta ikapita. Mwenzake aliyekuwa ufukweni akageuka kuondoa redio isilowe. Alipotazama tena majini, Buckley hakuwepo. Mwili ulipatikana tarehe 4 Juni. Uchunguzi haukukuta dawa za kulevya. Alikuwa na miaka 30.

Mwaka uliofuata kazi ile ambayo haikukamilika ilitolewa kwa santuri mbili. Ya kwanza ina hasa rekodi za Verlaine. Ya pili ina zile za nyumbani Memphis, zenye mikwaruzo, nyingine zikisikika kama mtu anayeongea na ukuta. Jina la albamu lilikuwa liwe My Sweetheart the Drunk. Mbele yake wakaongeza neno Sketches, yaani rasimu, ili kila anayenunua ajue anachonunua.

Mimi niliipenda ile santuri ya pili. Nilisema humo unamsikia mtu akiwa jikoni. Rafiki yangu alikasirika kweli. Alisema mtu akishasema kazi hii haijawa tayari, basi haijawa tayari, na kufa hakuigeuzi kuwa tayari. Alisema anayefungua chungu cha mwenzake kabla hakijaiva, akawapakulia wageni, anamwaibisha mpishi. Nikamuuliza, kama mpishi harudi tena? Akanijibu, “Basi wageni walale njaa.”

Tulinuniana siku mbili.

Mwaka 2017 tulikuwa tumehitimu. Alikuwa akifundisha tuisheni, akiweka akiba ya kulipia studio ya kweli, yenye prodyuza. Septemba alinipigia akiwa na furaha, pesa imekaribia kutimia. “Zile za Mabibo futa zote,” akaniambia. “Sitaki mtu azisikie. Tunaanza upya.” Nikamjibu sawa. Sikuzifuta. Siwezi kudai nilikuwa na sababu kubwa. Nilikuwa kazini, nikasahau.

Oktoba, usiku, alipanda bodaboda kutoka Ubungo kwenda kwake Kimara. Hakufika. Kesho yake jioni tulimzika Tanga.

*

Baada ya arobaini yake nilifungua kompyuta na kufanya kitu ambacho kwa miaka miwili nilikiona ndiyo heshima ya mwisho niliyompa.

Nilizisafisha rekodi. Nilikata mwanzo na mwisho wa kila faili, pale anapokohoa, anapoongea na mimi, anapolalamika juu ya mbu. Nilikata alipokosea akarudia. Nikapitisha programu ya kuondoa kelele, ikafuta magari, mbwa, vyumba vya jirani. Ikafuta na pumzi zake, lakini sikuliona hilo kuwa tatizo. Niliona zimefanana zaidi na albamu. Kompyuta ilikuwa imejaa, kwa hiyo kila faili lililosafishwa nililihifadhi juu ya lile la zamani.

Nilifanya hivyo kwa mafaili kumi na tatu. La tisa sikuligusa. Humo wimbo unakatika katikati na hauendelei, hivyo nililiona halina cha kuokoa.

Sasa mama yake anazitaka, na mimi najua fika mwenyewe angesema nini. Wageni walale njaa. Nilizunguka na swali hilo wiki mbili. Nilijiambia nikimpelekea nimemsaliti rafiki. Nisipompelekea, ni nani mimi wa kumnyima mama sauti ya mwanawe?

Nilifikiria pia jambo moja la Buckley ambalo rafiki yangu hakuwahi kuligusa tulipogombana. Baba yake, Tim Buckley, naye alikuwa mwimbaji. Aliondoka kabla mwanawe hajazaliwa, akafa mwaka 1975 akiwa na miaka 28, Jeff akiwa na miaka minane. Walikuwa wameonana mara chache mno. Baba yule aliacha albamu tisa. Mwaka 1991 Jeff aliitwa kuimba nyimbo za baba yake kwenye onyesho la kumkumbuka katika kanisa la St. Ann’s, Brooklyn, na ni hapo watu wa muziki wa New York walipoanza kumjua. Nikajiuliza ni kitu gani mtoto yule alikuwa nacho mkononi cha baba yake. Albamu tisa zilizokamilika, zilizosafishwa na mafundi, na dunia nzima inazo. Nadhani angezitoa zote apate kanda moja ambayo baba anamwita mezani kula. Lakini hayo ni mawazo yangu, yeye sikumjua.

Nilichojua ni kwamba mama wa Tanga hakuwa ananunua albamu. Nikanunua fleshi, nikaweka mafaili kumi na manne, nikakata tiketi.

*

Basi lilipita Chalinze, Segera, na Muheza wakatupitishia machungwa madirishani. Nilifika alasiri. Alinipokea na wali wa nazi na samaki, akakataa kusikia habari yoyote kabla sijanawa na kula. Kisha mdogo wake marehemu akaleta spika ndogo, tukakaa mkekani.

Niliweka wa kwanza, ule wa kivuko. Mama aliinamisha kichwa, ncha ya khanga mkononi. Ulipoisha akasema, “Anaimba vizuri.” Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu ukiwa katikati akanyanyua mkono, nikazima.

“Mwanangu, mbona kama yuko mbali?”

Nikasema ni rekodi ya simu.

“Si simu. Kwenye simu nilikuwa namsikia kila wiki. Huyu yuko kama ndani ya bomba. Na mbona hakohoi? Yule na kifua chake, hawezi kumaliza sentensi mbili bila kukohoa. Haongei pia?”

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka ile simu ya Septemba na neno lake la kufuta. Nilipofika mahali pa kukata kikohozi, sauti yangu ilikwama, kwa sababu ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Hakunikaripia. Alitazama spika muda mrefu.

“Ulidhani ni uchafu,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na hakuna ulichobakiza?”

Nikakumbuka la tisa.

Linaanza na feni, maana siku ile tulisahau kuizima. Halafu yeye anakohoa. Halafu ananiambia nisogee, nimeukalia waya. Mbwa anabweka nje, tunacheka. Anaanza wimbo wa duka la vitambaa, anaimba ubeti mmoja na nusu, simu inaita. Kwa kuwa simu ndiyo iliyokuwa ikirekodi, siku zote tulitumia yangu na ya kwake tukaizima. Siku ile hakuizima. Anaacha kuimba.

“Shikamoo mama,” anasema. “Nimekula. Ugali. Ndiyo, na mboga, mama, wallahi. Niko na mwenzangu hapa tunarekodi. Nitakupigia baadaye.”

Kisha mimi, kwa mbali: “Msalimie.”

Kisha yeye: “Anakusalimia.”

Kisha anacheka, anasema tuanze tena, na faili linaisha.

Ndani ya nyumba ile hakuna aliyesema kitu. Mdogo wake alikuwa ameukabili ukuta. Mama alijifuta uso kwa khanga, na nilipoangalia nikaona anatabasamu kidogo.

“Siku ile hakunipigia tena,” akasema. “Nilisubiri mpaka saa nne usiku. Rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Tulilisikiliza mara sita au saba.

Baadaye kijana aliniuliza kama tuziweke nyimbo zile mtandaoni, watu wamjue kaka yake. Nilitaka kujibu, mama akaniwahi. “Mwenyewe kasema hazijawa tayari,” akasema. “Mwacheni. Hii ya simu ndiyo yangu mimi.” Fleshi akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini pamoja na vyeti vyake vya shule.

Asubuhi, kabla sijaondoka, nilifungua kompyuta nikayafuta yale kumi na matatu. Nilichelewa miaka miwili, lakini nilitimiza. La tisa nililiacha. Mama alinifungashia mkate wa kumimina, akasimama mlangoni mpaka bajaji ikakata kona.

Kwenye basi nilivaa hedifoni nikaweka Live at Sin-é kutoka mwanzo. Buckley aliimba, akaacha, akaanza porojo zake. Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe kwa mazoea. Nikakirudisha. Nilimsikiliza akiongea mpaka Segera, simu ilipoisha chaji.